Siku twiga alipofunga virago

Kuna picha ilizunguka sana mitandaoni mwezi wa sita 2018, labda na we iliwahi kupita kwako. Twiga, yaani mtu aliyevaa vazi la twiga, kasimama katikati ya duka tupu, rafu zimeshang'olewa, sakafu inang'aa haina hata karatasi, na pembeni yake kuna sanduku la safari. Mi niliiona alfajiri nikiwa kwenye basi natoka zamu ya usiku, miguu inawaka moto, na ntasema ukweli machozi yalinilenga. Machozi kwa ajili ya duka! Duka la watu, sina hisa, sina ndugu anayefanya kazi mle. Halafu nikajishtukia. Nikajiuliza hivi mara ya mwisho nimenunua kitu mle ndani kwa bei yao ni lini, nikahesabu, nikahesabu, nikakosa jibu.

Tangu siku ile hii makala inanidai. Kila nikianza mtoto analia, au zamu imebadilishwa, au usingizi. Basi leo nimekaa.

Twiga anaitwa Geoffrey, ndo nembo ya Toys "R" Us, duka la midoli la huku Marekani ninakoishi, lile ambalo R yake imegeuzwa kisogo kama vile kaiandika mtoto wa chekechea. Kwa ambaye hakuwahi kuingia, usifikirie duka la kaunta na muuzaji kakaa nyuma yake anakuuliza "nikusaidie nini dada". Lile lilikuwa ghala. Unaingia na toroli, njia ya kwanza ukuta mzima wa pinki wa Barbie mpaka macho yanauma, inayofuata magari, inayofuata zile picha za vipande vipande za kuunganisha, juu kabisa baiskeli zimening'inia kama nyama buchani. Binti yangu mara ya kwanza namwingiza alikuwa na miaka mitatu, alivyomwona yule twiga ukutani akapiga kelele "Mama, ndege yetu!" Watu wakageuka. Twiga yeye alikuwa anamjua mmoja tu, yule wa kwenye mkia wa Air Tanzania, tulikuwa na kalenda yake sebuleni. Toka siku hiyo nyumbani kwetu lile duka likaitwa "kwa twiga". Twende kwa twiga, tumetoka kwa twiga, ukilia hatuendi tena kwa twiga.

Mi mwenyewe nimekulia Ilala na sikuwahi kuingia duka la midoli hata siku moja. Gari la kaka yangu lilikuwa la waya, matairi amekata kwenye kandambili za baba (alichapwa, lakini gari lilibaki). Mdoli wangu lilikuwa hindi bichi na nywele zake, namsuka mpaka ananyauka, kesho yake natafuta mwingine. Vya kununua vilikuwa vya sikukuu. Idi tulikuwa tunapelekwa Unguja kwa bibi, tukishapewa mkono wa Idi jioni tunakimbilia Mnazi Mmoja na magauni yetu mapya yanayowasha, na pale ndo kuna kila kitu, miwani ya plastiki, saa isiyotembea, filimbi, bastola ya maji ambayo ikifika saa nne usiku imeshapasuka. Siku nne zikiisha wale wauzaji wote wanapotea. Yaani midoli ilikuwa na msimu wake kama maembe, ukikosa umekosa, subiri mwakani.

Nayataja haya kwa sababu nilivyokuja kusoma historia ya kwa twiga nikakuta na Wamarekani wenyewe walikuwa hivyo hivyo, msimu wao ukiwa Krismasi, na aliyekuja kuuvunja huo utaratibu ni kijana mmoja anaitwa Charles Lazarus. 1948, ametoka vitani, ana miaka 25, anafungua duka la samani za watoto wachanga pale 18th Street, Adams Morgan, Washington, ambapo baba yake alikuwa na biashara ya baiskeli. (Mtaa huo huo mi nimekula injera sana, ni mtaa wa Wahabeshi na wa baa, na muda wote huo sikujua kwamba twiga kazaliwa pale.) Vita imeisha, watu wanaoa, watoto wanazaliwa kama mvua, vitanda vinauzika. Ila jamaa akagundua kitu ambacho muuza duka yeyote wa Manzese angekigundua. Mtu akinunua kitanda cha mtoto harudi, kwa sababu kitanda hakivunjiki, mtoto wa pili analala humo humo na wa tatu pia. Lakini mdoli unavunjika! Mama aliyenunua mdoli anarudi baada ya wiki kununua mwingine. Basi vitanda akavisogeza pembeni, na 1957 akafungua pale Rockville, Maryland, duka la midoli mitupu, mtindo wa supamaketi, jichukulie mwenyewe mzigo ulipe pale mlangoni, bei ya chini, mwaka mzima, Januari hadi Desemba.

Mi nakaa Maryland hii hii. Duka la kwanza lilizaliwa karibu na kwangu na miaka yote niliyoishi hapa sikujua.

Ujanja wake mwingine naupenda zaidi. Pampasi na maziwa ya kopo ya watoto aliviuza kwa bei ambayo haimpi faida, mara nyingine ni hasara kabisa, na akaviweka ndani ndani kule. Mzazi wa mtoto mchanga lazima aje kila wiki, na kila akija lazima apite katikati ya midoli. Pampasi zilikuwa chambo, midoli ndo samaki. Kwa mtindo huo vile viduka vidogo vya midoli vya mtaani, vya babu mmoja na kengele mlangoni, viliumia vibaya sana, vingeshindana vipi na ghala? Kampuni ikaingia soko la hisa 1978, ikavuka bahari, ilivyoingia Japani mpaka rais wa Marekani, Bush mkubwa, Januari 1992 alienda mwenyewe kushiriki ufunguzi wa tawi moja kule. Rais! Kwa duka la midoli.

Ndo maana huwa nacheka kidogo watu wakililia Toys "R" Us kama vile ni kibibi kilichoonewa. Mwosha huoshwa. Walmart, wale wa masupamaketi makubwa ya kila kitu, walikuja na mchezo ule ule, ila wameugeuza, kwao midoli ndo ikawa chambo. Ikikaribia Krismasi wanachukua ile midoli kumi ambayo kila mtoto anaitaka mwaka huo, wanaishusha bei mpaka haina faida, kwa sababu wanajua ukija kumchukulia mtoto mdoli utaondoka na bata mzinga, sabuni, soksi na tairi la gari. Sasa mwenye duka la midoli pekee atashusha bei ya mdoli afidie na nini? Hana sabuni. Kufikia 1998 Walmart ndo waliokuwa wanaongoza kuuza midoli Marekani, sio twiga tena. Angalia mwaka huo, 1998. Simu yangu ya kwanza hata sijaiota. Kwa hiyo hii hadithi ya kwamba "intaneti ndo imeua" haiko sawa, mgonjwa alishaanza kukohoa zamani.

Intaneti nayo ina yake lakini. Krismasi ya 1999 walipokea oda nyingi kwenye tovuti yao kuliko uwezo wa kuzipeleka, watoto wengi wakaamka asubuhi ya sikukuu hakuna mzigo chini ya mti, aibu. 2000 wakaamua kwenda kuungana na Amazon, mkataba wa miaka 10, kwamba sisi ndo tutakuwa wauza midoli pale kwenu na tutawalipa. Kama vile una duka Kariakoo halafu unampa winga funguo za stoo na daftari la wateja wako wote. Amazon wakaanza kuruhusu na wengine wauze midoli, wakapelekana mahakamani 2004, twiga akashinda 2006, 2009 wakamalizana kwa dola milioni 51. Alishinda kesi, sawa, ila miaka ile ambayo angekuwa anajijengea duka lake la mtandaoni ilishaenda na maji.

Sasa tuje kwenye deni, na hapa naomba uvumilie maana ndo penyewe.

2005 kampuni ilinunuliwa na wawekezaji watatu, KKR, Bain Capital na Vornado, huyo wa mwisho ni watu wa majengo na viwanja, bei dola bilioni 6.6. Nilivyosoma mara ya kwanza nikaona sawa, matajiri wamenunua. Nimekuja kuelewa baada ya shemeji yangu kunielezea kwa mfano wa daladala, na tangu hapo sijausahau. Chukulia kuna daladala inauzwa milioni 66. Tajiri anatoa mfukoni kwake milioni 13, zile 53 zilizobaki anakopa. Mpaka hapo kawaida. Ila mkopo hauandikwi kwa jina lake yeye, unaandikwa kwa jina la daladala. Daladala ndo inayodaiwa! Kuanzia kesho asubuhi dereva na konda kabla hawajatia mafuta, kabla hawajala, kabla hawajafikiria tairi limeisha, wanatafuta hela ya riba. Gari ikifa barabarani tajiri kapoteza zile 13 zake, na njiani alikuwa anakata ada ya ushauri, hasara iliyobaki ni juu ya wengine. Ndivyo ilivyokuwa kwa twiga, hesabu ni zile zile ukiweka mabilioni ya dola. Deni la zaidi ya bilioni 5, na karibu dola milioni 400 kila mwaka zinaondoka kulipia hilo deni.

Na duka lilikuwa linauza! Hicho ndo kitu kinachoniuma. Mauzo ya mwaka yalikuwa zaidi ya dola bilioni 11 karibu kabisa na mwisho, na likiendeshwa lenyewe kama duka lilikuwa linapata faida, faida ambayo ikifika mlangoni inakutana na mwenye deni kashasimama na mfuko wazi. Kwa hiyo hakuna hela ya kupaka rangi. We mwenyewe ukiingia miaka ile ya mwisho ulikuwa unaona, taa mbili hazijawaka, dari ina doa la maji, wafanyakazi watatu ghala zima, tovuti inasota. Mtu anasema "duka limechakaa, wamezembea". Konda hawezi kununua siti mpya kama hesabu yote inaishia kwa tajiri.

Septemba 2017 wakaomba ulinzi wa mahakama wa kufilisika, na wakati wenyewe ulikuwa mbaya kuliko wote, kwa sababu ndo mwezi ambao waleta mizigo wanapakia mizigo ya Krismasi. Habari zilipoanza kuvuja wenye viwanda wakasita, nani anataka kumkopesha mzigo mtu anayeumwa? Krismasi ikaenda vibaya. Machi 2018 wakatangaza wanafunga matawi yote ya Marekani, mia saba na ushee. Uingereza nako matawi kama 100 yakafungwa mwaka huo huo. Lazarus mwenyewe alifariki tarehe 22 Machi 2018, umri miaka 94, wiki moja tu baada ya lile tangazo. Sijui walimwambia.

Haya, sasa zamu yangu, maana nimesema watu sana.

Desemba 2015 nilienda kwa twiga kutafuta nyumba ya mdoli ya binti yangu. Ilikuwa juu kabisa kwenye rafu, nikamwita kijana mfanyakazi, akaleta ngazi, akapanda, akaishusha, boksi kubwa kama jokofu dogo. Nikamwomba ile iliyofunguliwa ya maonyesho niiguse, tukaenda, nikafungua vimlango, nikavuta ngazi yake ya ndani nione kama itahimili mikono ya yule mtoto, nikauliza betri, nikauliza kuna samani au zinauzwa mbali. Kijana kanijibu yote, dakika arobaini hizo na kuna watu wanamwita. Alivyogeuka nikatoa simu, nikapiga picha bakodi, mtandaoni tofauti dola 18, na kuletewa bure. Nikabonyeza. Pale pale, nimesimama mbele ya ile nyumba, mkono mmoja umeegemea boksi. Halafu nikamwambia kijana "nitarudi", na yeye akapanda tena ngazi kulirudisha boksi juu.

Dola 18 ni hela kwa mtu anayeosha wazee usiku, sijitetei, nasema tu ilivyokuwa. Na sikuwa peke yangu kwenye ile njia, mama wa pembeni alikuwa anafanya hivyo hivyo. Tulikuwa tumeligeuza duka makumbusho, unaingia bure, unagusa, unaulizia, unaondoka, na makumbusho nayo ina kodi na umeme na kijana wa kupanda ngazi.

Mungu si Athumani, mwaka uliofuata nikalipwa. Nikaagiza mtandaoni (tovuti nisiitaje) jiko la mbao la kuchezea, lile lenye oveni na sinki, kwenye picha kuna mtoto kasimama mbele yake anapika kwa raha zake, bei ya kushangaza. Likaja kwenye bahasha. Bahasha! Nikadhani ni risiti imetangulia. Kufungua, jiko ni la ukubwa wa kiganja changu, la kuweka ndani ya nyumba ya mdoli, na kweli kwenye maelezo chini kabisa vipimo vilikuwepo kwa inchi, mi nani anasoma inchi saa nane usiku. Binti yangu akaliangalia, akaniangalia, akasema "Mama, ni la panya?" Bado tunalo, liko dirishani jikoni.

Sasa siku za mwisho za kwa twiga nilienda, ilikuwa mwezi wa sita mwanzoni. Mabango ya njano na nyekundu kila kona, kila kitu lazima kiondoke. Na kweli kila kitu, rafu zenyewe zina bei, ngazi zina bei, toroli zina bei, kuna kiti cha ofisini kimebandikwa dola 5 na mtu kakikalia anakijaribu. Watu ambao nina uhakika hawajaingia mle miaka wanagombania maboksi yaliyochanika. Na mi mmoja wao. Ile njia ya Barbie ilikuwa tupu, ukuta wa pinki peke yake na vile vyuma vya kuning'inizia vimebaki vimetoka kama meno.

Nikaokota picha ya kuunganisha ya vipande 100, nikaenda kwa keshia. Mama mtu mzima, nywele nyeupe, kitambulisho chake kimebandikwa vistika mpaka jina halionekani. Kabla hajapiga bakodi akaniuliza ni ya mtoto wa miaka mingapi, nikamwambia saba, amezoea hizi. Akalisukuma boksi pembeni. Akasema hii ataimaliza hamjafika nyumbani, na ina anga kubwa ya bluu, vipande vya bluu vitupu, watoto wanakasirika pale wanaacha, ngoja. Akaacha kaunta yake, foleni nzima imesimama, watu wanaguna, akaenda kwenye kapu la mabaki, akarudi na nyingine ya vipande 200 yenye soko la samaki, watu wengi, rangi nyingi, akasema aanze na nguo za watu, samaki awaache mwisho. Mama huyu baada ya wiki chache hana kazi. Nikamuuliza watawapa chochote? Akacheka tu, akanipa risiti.

Walikuwa wafanyakazi kama 33,000. Kiinua mgongo hakuna. Walipiga kelele sana, wakaandamana, na Novemba 2018 KKR na Bain wakatoa mfuko wa dola milioni 20 wa kuwapa. Ukizigawa kwa vichwa vyote ni kama dola 600 kwa mtu, na kuna waliofanya kazi mle tangu ujana wao.

Ile picha ya soko la samaki ilikamilika baada ya siku tano. Na kweli alianza na nguo.

Huwa naambiwa watoto wa siku hizi hawataki midoli, wanataka skrini. Kwa mwanangu wa pili ni kweli nusu, siku ya kuzaliwa kwake ukimuuliza anataka nini anasema Robux, hela ya kwenye gemu ambayo huwezi hata kuifunga kwenye karatasi ya zawadi. Lakini midoli haijafa jamani. LEGO, wale wa vitofali vya plastiki vya kuunganisha, wana maduka yao wenyewe zaidi ya 1,000 duniani, na humo utakuta wababa wenye mvi wananunua kwa ajili yao wenyewe, wala hawasemi ni ya mtoto. Lililoondoka ni lile duka la kila aina ya mdoli chini ya paa moja, na mtu wa kukwambia anga la bluu litamkera mwanao.

Twiga mwenyewe walimfufua, unajua? 2019 walifungua viduka viwili, Januari 2021 vikafungwa. 2022 akaingia ndani ya Macy's, wale wenye maduka makubwa ya nguo na vitu vya nyumbani, wakampa kona kwenye maduka yao zaidi ya 400. Nilienda kuona. Ipo sakafu ya juu, baada ya mashuka, rafu kadhaa na sanamu la twiga limekaa kwenye benchi ili upige nalo picha. Uingereza hali ni hiyo hiyo, kule jina la Toys "R" Us lilirudi 2023 ndani ya maduka ya WHSmith, wauza vitabu na magazeti, na wale The Entertainer, ambao ndo wakubwa wa midoli kule, 2023 waliingia mkataba wa kusimamia midoli ndani ya supamaketi za Tesco zaidi ya 800. Mwenye nyumba kageuka mpangaji, kapewa chumba cha uani. Hata Hamleys ya London, iliyoanza 1760, miaka hii imekuwa ikipita mikono ya tajiri huyu na yule, tangu 2019 ni ya Reliance ya India. Binamu yangu yuko kule, anasema wanampeleka mtoto kuangalia wale vijana wanaopuliza mapovu mlangoni, halafu wanaondoka. Nikamwambia hiyo tabia naijua.

Hapa karibu na kwangu kumebaki kaduka kamoja kadogo ka midoli, ka mtu binafsi. Wana meza yenye reli ya treni ya mbao watoto wanachezea bure. Bei zao, we acha. Nimejiwekea sheria, nikigusa kitu mle nanunua mle, na matokeo yake nimekuwa siendi sana, na nikienda mikono naiweka mfukoni. Binti yangu, saa hizi ni mdada mkubwa, ananicheka.

Desemba 2023 nilienda Dar na mdogo, ana miaka saba. Nikampeleka Kariakoo, Mtaa wa Kongo, jua kali, watu wamebanana, nimemshika mkono mpaka anasema unaniumiza. Akagoma kutembea. Kuna kijana kaweka turubai chini, kajaza midoli ya China, helikopta, wanamieleka wa plastiki, simu zinazoimba, na katikati mbwa wadogo wa manyoya, wanabweka mara tatu halafu wanaruka sarakasi ya kinyumenyume wanatua kwa miguu. Watatu kwa pamoja, wanagongana, wanaanguka, anawasimamisha kwa kidole cha mguu huku anaongea na mteja mwingine.

Mwanangu kachuchumaa pale. Nikasubiri nifukuzwe maana hatununui tunaziba njia. Kijana wala. Akamwambia "dogo, mshike, msikilize moyo wake", akamwekea mbwa sikioni anavyokoroma na mota yake. Robo saa nzima. Mi nikaonyesha helikopta, bei nzuri, nikasema nipe hii tuondoke. Akanikatalia! "Sister, hiyo usimnunulie huyu, ana mikono mizito, panga zake zitakatika leo leo utanitukana. Mchukulie mbwa. Ila wa ufunguo, sio wa betri, hizi betri zetu kesho asubuhi zimekufa." Akachomoa kutoka kwenye furushi la nyuma mbwa mwingine, wa kuvuta kwa ufunguo, mbaya wa sura, sikio moja limeshonwa upande. Nikaulizia bei, akataja, na mi ambaye nimezaliwa Ilala, ambaye sijawahi kulipa bei ya kwanza Kariakoo maishani mwangu, nikalipa.

Siku mbili baadaye tukapita tena, mvua imekatika sasa hivi tu, matope, kila mtu anaruka madimbwi. Turubai lile lile, kijana yule yule, midoli hakuna. Anauza miamvuli.

"Dogo!" akamwita mwanangu kabla mi sijamtambua. "Mbwa bado anaruka?"

"Anaruka," mtoto akasema. "Ila anaangukia kichwa."

"Mpunguzie ufunguo, zungusha mara nne tu." Akanigeukia. "Mwamvuli, sister?"

Nikachukua miwili.